Jina la Mchongaji Halikuulizwa

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: lebo 42, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kila moja isizidi maneno 60. Mzee mmoja wa Nairobi, mfanyabiashara mstaafu, alikuwa amekubali vitu vilivyojaa nyumbani kwake vitolewe vikaonyeshwe kwa wiki sita, na waandaaji walitaka safari hii Kiswahili kikae juu na Kiingereza kikae chini. Nilifurahi. Nikajiambia hii ni kazi ya wikendi moja.

Nilikwama kwenye bango la mlangoni. Kiingereza kilitangaza sanaa ya makabila ya Afrika kutoka mkusanyo wa mtu binafsi. Nikaandika "Sanaa ya Kikabila", nikaitazama, nikaifuta. Kwa Kiingereza neno lile, "tribal", lina harufu ya ngozi na moshi wa kuni. Wanunuzi wa Paris na Brussels wanalipenda, na limo hadi kwenye vichwa vya katalogi za minada. Kwa Kiswahili cha Kenya, "kikabila" kinanuka uchaguzi. Mpita njia akisoma bango kama hilo atauliza ni kabila lipi hilo, na kwa nini la kwake halikualikwa. Nikajaribu "sanaa ya jadi", nayo ikawa kana kwamba wachongaji wote walikufa kabla babu zao hawajazaliwa, ilhali kuna viti mle ndani vilivyochongwa wakati redio ikipiga muziki pembeni. Mwisho tukaafikiana kuandika "Vinyago, Viti na Nguzo", yaani orodha tu ya vilivyomo. Sijutii.

Kizuizi cha pili kilikuwa sentensi moja iliyojirudia. Kati ya lebo 42, lebo 39 zilisema msanii hajulikani. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inapita kimya kimya, kama mhudumu anayebeba trei. Kwa Kiswahili haipiti. Ukisema mtu hajulikani, aliye mbele yako anauliza: hajulikani na nani? Chukua kiti cha Wakamba, kile cha miguu mitatu chenye waya mwembamba uliokunjwakunjwa na kupigiliwa ndani ya mbao hadi ukang'aa kama mboni ya jicho. Aliyekichonga alijulikana na aliyekikalia. Alijulikana na mkewe, na waliokuwa wakimdai, na majirani waliokerwa na sauti ya tezo lake alfajiri. Ambaye hakumjua ni mnunuzi, na hakumjua kwa sababu hakuuliza. Basi nikaandika kwenye lebo ya kwanza: Jina la mchongaji halikuulizwa. Nikaisoma kwa sauti. Nikaiandika tena kwenye ya pili, ya tatu, mpaka zikafika 39.

Msimamizi wa maonyesho alidhani nimekosea tafsiri.

Nilimwonyesha kisanamu kidogo cha Kibaule kutoka Ivory Coast, ambacho mzee alikinunua Paris zamani. Kilisimama juu ya kigogo cheusi kilichong'arishwa, cha kimo cha sabuni. Ukikipindua unaona muhuri mdogo umegongwa kwenye mbao, wa Kichizo Inagaki, fundi Mjapani aliyefanya kazi Paris hadi alipofariki mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa kuwachongea wafanyabiashara wa sanaa vigogo vya kusimamishia sanamu za Afrika, na alikuwa bingwa kwelikweli. Siku hizi katalogi za minada zinataja kigogo chake kwa heshima, na sanamu inapanda daraja kwa kusimama juu yake. Hapo ndipo nilipomuuliza msimamizi: aliyechonga kisimamio ana jina na muhuri, aliyechonga kilichosimama hana hata herufi moja, sasa hiyo ni bahati mbaya tu?

Na si kwamba majina hayapatikani. Olowe wa Ise, bingwa wa Kiyoruba aliyefariki mwaka 1938, tunamjua kwa jina, na tunamjua hata kwa sifa zake: miaka 50 baada ya kifo chake mmoja wa wake zake alikuwa bado anazikariri, na mtafiti aliyefika kuuliza akazirekodi. Alifika, akauliza, akajibiwa.

Namba 31 kilikuwa kigango.

Karatasi ya Kiingereza ilisema: nguzo ya ukumbusho, Wamijikenda, pwani ya Kenya, mbao na rangi, sentimita 168, ilinunuliwa Nairobi miaka ya 1980. Mama yangu ni Mgiriama, yaani Mmijikenda. Vigango nilivionea mbali nikiwa mtoto, maana hatukuruhusiwa kucheza upande ule wa boma, na nilikuwa sijawahi kukisogelea kimoja kwa karibu kiasi cha kuhesabu michoro yake. Nikaenda stoo kukiona. Kilikuwa kimelazwa juu ya meza iliyotandikwa godoro jembamba la sponji, kama mgonjwa anayemsubiri daktari. Kichwa duara, bapa, kina macho na mdomo. Kiwiliwili ni ubao mrefu uliojaa pembetatu ndogondogo zilizochimbwa safu kwa safu. Nyingine zilikuwa bado na weupe ndani, nyingine wekundu uliopauka. Shingoni palikuwa na kitambaa zamani. Umebaki uzi.

Nikazunguka upande wa miguu. Kigango huchimbiwa ardhini, na ile sehemu iliyozama hugeuka rangi, ikala unyevu na chumvi ya udongo, hata ukikichomoa leo mpaka wa ardhi unaonekana kama mstari wa maji kwenye ngalawa. Hiki hakikuwa na mstari huo. Kilikuwa na mkato wa msumeno, umenyooka kama uliopigiwa rula, na mbao ya ndani bado ina umanjano wake. Katikati ya mkato, matundu mawili ya kuingizia pini za chuma. Mtu alitaka kisimame wima sebuleni bila kuyumba.

Nilimtumia mjomba wangu picha, yuko Ganze, Kilifi. Alijibu baada ya saa nzima, kwa sauti.

"Mwanangu, huyu wamemkata miguu."

Huyu. Sarufi niliyofundishwa shuleni inataka niseme kigango kimekatwa, ngeli ya ki na vi, kama kiti na viti. Mjomba ni mwalimu mstaafu, ngeli anazijua kuliko mimi. Lakini kigango kwake hakijawahi kukaa ngeli moja na viti. Akaniuliza ni wa mji gani, ni wa ukoo gani, na nani alimwota. Nikamwambia karatasi haisemi.

"Basi hiyo karatasi wameandika nini?"

Kwa msomaji asiye wa pwani: si kila marehemu huchongewa kigango. Ni wazee wa chama cha Gohu, watu waliokuwa na cheo na uwezo. Wengine huwekewa koma, kijiti kifupi tu. Na hakichongwi siku ya matanga. Marehemu huja ndotoni, au watu wa nyumbani wanaanza kuugua na mambo kuharibika, ndipo mganga anasema fulani anadai mahali pake. Akisimamishwa huvalishwa vitambaa, hupewa chakula, hunyweshwa tembo la mnazi kwa kumwagiwa chini. Jamaa wakihama, wanaweza kuliacha boma likageuka kichaka. Yeye hahamishwi. Amesimama pale alipowekwa, na wanaomhusu wanajua alipo.

Sasa hapo ndipo biashara ilipojipenyeza. Miaka ya 1970 na 1980, bei zilipoanza kupanda ng'ambo, vijana wenye njaa ya pesa waliving'oa usiku na kuviuza kwa maduka ya vitu vya watalii kwa pesa za kununulia viatu. Walioviuza Marekani walikuwa na hoja iliyonyooka kabisa: vimetelekezwa, wenyewe wamehama, tumeviokoa na mchwa. Nimeisikia hoja hiyo ikitolewa na watu wenye elimu nzuri. Mimi nimehamia Nairobi miaka mingi. Kaburi la babu yangu liko Kilifi na sijalitembelea tangu mwaka juzi. Sidhani kuna anayeweza kuja kulichimba akasema ameliokoa.

Mamia ya vigango viliishia Marekani, kwanza kwenye nyumba za watu, baadaye kwenye makumbusho, kwa sababu mwenye mali akitoa kitu cha sanaa kwa makumbusho kule hupunguziwa kodi. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa kike alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya jamaa zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti huyohuyo alikuwa kwenye mkutano wa wasomi kwao, mwenzake akawa anaonyesha slaidi, na katikati ya slaidi akakiona kigango anachokijua. Cha pili walikikuta makumbusho nyingine. Kimoja kilifika kwa jamaa zake mwaka 2007. Mzee mwenyewe alikuwa keshafariki. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha vigango 30 mwaka 2019, ambavyo ilipewa mwaka 1990 na watu wa sinema wa Hollywood.

Baada ya kusema haya yote, rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa nini basi sikuiacha kazi ile. Kwa sababu naamini vitu hivi vionyeshwe. Kilichofungiwa chumbani kwa mtu hakiwezi kutambuliwa na mwenyewe. Wakom wa Kameruni walipoteza sanamu yao ya kifalme, Afo-a-Kom, mwaka 1966, na ikaonekana mwaka 1973 kwa sababu moja tu: mfanyabiashara wa New York aliiazimisha kwenye maonyesho ya chuo cha Dartmouth, ikachapishwa picha kwenye katalogi, na mtu aliyewahi kuishi Kameruni akaitambua. Mwaka huohuo ikarudi kwao. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kilinunuliwa mwaka uliofuata na Barbier-Mueller, makumbusho binafsi ya Geneva. Kikatambuliwa mwaka 1990. Kikarudi Tanzania mwaka 2010. Piga hesabu mwenyewe: kuibwa usiku mmoja, kununuliwa ndani ya mwaka, kurudi miaka 20 tangu siku kilipojulikana ni kipi.

Kwa hiyo wenye mikusanyo wakitoa vitu vyao hadharani, mimi nasema karibuni, tena washeni taa. Ugomvi wangu uko kwenye karatasi inayobandikwa pembeni.

Maana karatasi hiyo ina kazi nyingine isiyosemwa. Kila kitu kinachoonyeshwa kinaongezewa mstari kwenye nasaba yake: kilikuwa kwa fulani Paris, kikawa kwa fulani Geneva, kikaonyeshwa mahali fulani. Siku ya mnada mistari hiyo ni pesa. Kinyago cha chama cha ngil cha Wafang wa Gabon, kilichochukuliwa na afisa wa kikoloni karne iliyopita, kiliuzwa kwa euro 150 na mjukuu wake na mkewe walipokuwa wakisafisha nyumba. Mwaka 2022 kikapigwa mnada Montpellier kwa euro milioni 4.2. Wagabon walioishi kule walikuwemo ukumbini siku hiyo, wakilalamika kwa sauti. Mauzo yakaendelea. Nasaba ya kinyago huandikwa kama ya farasi wa mbio, ila inaanzia kwenye zizi la mnunuzi wa kwanza, kana kwamba mnyama hakuwa na mama.

Kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi, tumeambiwa tangu utotoni. Nimekaa nikafikiri labda ndiyo maana wenye vinyago hivi wanatulia navyo sebuleni usiku kucha: hawamjui aliyechonga, na kisicho na mwenyewe hakina wa kukitetea.

Kuna kisa cha New York cha mwaka 1987 ambacho nakirudia kila ninapopata msikilizaji. Kituo cha Sanaa ya Afrika kiliwaalika watu kumi wachague vitu vya maonyesho na waeleze kwa nini wamevichagua. Alikuwemo James Baldwin, mwandishi. Alikuwemo David Rockefeller, mwenye benki, ambaye miongoni mwa mambo mengine alizungumzia bei. Na alikuwemo Lela Kouakou, msanii wa Kibaule. Wale wengine walionyeshwa picha kutoka Afrika nzima. Kouakou alionyeshwa za Kibaule peke yake, kwa maelezo kwamba mtu kama yeye angevipima vya makabila mengine kwa vigezo vya kwao. Mwenye benki aliachiwa avipime kwa vigezo vya benki. Mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah aliandika juu ya jambo hili, na akaliandika vizuri mno. Mimi naongeza langu moja: msanii aliyetoka kwa wachongaji wenyewe ndiye aliyeonyeshwa vichache zaidi.

Wiki ile nilipotea kidogo. Badala ya kumaliza lebo nikaenda Moi Avenue, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, nikaingia hadi ulipo mkusanyo wa Joseph Murumbi. Watu wengi hupanga kukutania nje ya jengo hilo bila kuingia ndani hata siku moja. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache mwaka 1966, baba yake Mgoa na mama yake Mmaasai, na alikusanya kama mtu aliyeambiwa kesho Afrika itafungwa: vinyago, nguo, mapambo, vitabu vya kale, stempu. Angeweza kuuza ng'ambo. Aliiuzia serikali ya Kenya, na kabla hajafariki mwaka 1990 alishaona jinsi ahadi za kutunza zinavyochakaa. Lakini vitu vipo, na siku niliyokwenda palikuwa na watoto wa shule waliovalia sweta za kijani, mmoja amekaza uso mbele ya kinyago akijaribu kukiiga, wenzake wanacheka mpaka wakanyamazishwa.

Maelezo ya pale nayo hayana majina ya wachongaji. Nakiri nilitaka Murumbi awe tofauti.

Mwaka 2021, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, palikuwa na maonyesho yaliyoweka makabati matupu ya vioo kuwakilisha vitu vya Kenya vilivyoko nje. Waandaaji walikuwa wamehesabu zaidi ya vitu 32,000 katika makumbusho 30 za Ulaya na Marekani. Hiyo ni hesabu ya zile zilizokubali kufungua vitabu vyao. Nyumba za watu hazina kitabu cha kufunguliwa. Na hata kilichotoka nyumbani kwa mtu kinaweza kurudi huko: makumbusho ya Boston ilikuwa na chumba kizima cha sanaa ya Ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, kutoka kwa mkusanyaji aliyeahidi mwaka 2012 kuwapa vyote hatua kwa hatua. Mwaka 2025, baada ya kushindwa kuelewana juu ya hatima ya vitu hivyo, chumba kikafungwa na vingi vikarudishwa kwa mwenyewe. Siku moja unavitazama, siku ya pili viko nyuma ya geti la mtu.

Lebo yangu ya namba 31 ilisomeka hivi: Kigango. Wagiriama, Kilifi. Jina la mzee aliyewekewa halikuulizwa. Jina la mchongaji halikuulizwa. Kilichimbiwa ardhini, sehemu ya chini ilikatwa kwa msumeno baada ya kung'olewa.

Mwenye mkusanyo aliniita nyumbani kwake. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikakuta chai. Ni mtu mpole, anayevijua vitu vyake kwa kuvigusa, anayepitisha kidole kwenye ufa akakuambia ulitokea mwaka gani wa ukame. Alikuwa amezisoma lebo zote, kwa miwani na kalamu ya risasi. Zile 38 za "halikuulizwa" alizikubali. Alicheka kidogo, akasema ni kweli, hata mara moja sikuuliza, na miaka ile ningeweza, wengine walikuwa hai. Sikutegemea kusikia hivyo, na mpaka leo namheshimu kwa neno lile.

Namba 31 hakuikubali. Alinitolea risiti ya duka, imekunjwa mara nne, ya mwaka 1983. Alinunua mchana kweupe, akalipa alichoambiwa. Alipokinunua kilikuwa kimeshakatwa. Aliyekikata si yeye. Nikamwambia lebo haisemi ni yeye. Akasema msomaji atasema. Wakili wake naye alikuwa amempigia mstari vifungu kadhaa vya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na karatasi zilikuwa pale mezani kando ya sukari. Nilimwomba jambo moja tu: niitume picha kwa wazee wa upande wa Ganze na Kaloleni, kabla ya maonyesho, tuone kama kuna anayemtambua. Akasema atafikiria. Siku tatu baadaye ulikuja ujumbe kutoka kwa waandaaji kwamba orodha ni ya vitu 41, na namba zilizobaki zisogezwe.

Maonyesho yalifunguliwa, watu wakaja, na lebo zilisomwa kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja alisimama mbele ya kiti cha Wakamba akasema kwa sauti, kwa aliyekuwa karibu, kwamba babu yake alikuwa akitengeneza vya namna ile, na akataja jina la babu. Msimamizi aliliandika. Yumkini si yeye. Lakini tulikuwa na jina moja kwenye daftari.

Jioni ile nilimpigia mjomba. Aliuliza kama yule bwana amesimamishwa pamoja na wengine. Nikamwambia hapana, amerudishwa kwa mwenye nyumba.

"Anamweka wapi?"

"Sebuleni, mjomba. Karibu na meza ya kulia chakula."

Akanyamaza, nikasikia mbuzi wake nyuma. Halafu akauliza: "Na wakikaa hapo wakinywa, wanammwagia hata kidogo?"